Ukungu Hauingii, Hufungiwa Ndani



Lugha yetu ina neno moja, ukungu, ambalo hutumika kwa mambo mawili. Ukungu ni ule mvuke mweupe unaofunika mabonde alfajiri na kutanda juu ya kioo kilicho baridi. Na ukungu vile vile ni ule uchafu wa kijani au mweusi unaoota juu ya mkate uliosahauliwa, juu ya viatu vilivyowekwa uvunguni, na juu ya kurasa za vitabu vyetu. Wazee waliotuachia lugha hii hawakukosea kuyapa mambo haya jina moja. Ukungu wa kwanza ukiachwa mahali palipofungwa huzaa ukungu wa pili, na asili yao wote wawili ni unyevu uliokosa pa kutokea.

Leo nataka tuzungumze habari ya kasha la kamera, yaani lile sanduku dogo lenye dirisha la kioo ambalo wapiga mbizi hutia kamera ndani yake ili wapige picha chini ya maji. Najua baadhi yenu mtastaajabu. Mtasema, sheikh wa Mtendeni, katika mji wa Tabora, ambako hata bahari haionekani isipokuwa kwa kusafiri mamia ya kilomita, ana lipi la kusema juu ya kuzamia? Basi nistahimilini. Vijana wetu wengi wa mwambao, huko Nungwi, Pemba, na Mafia ambako hifadhi ya kwanza ya bahari ya Tanzania iliundwa mwaka 1995, hupata riziki yao kwa kuwaongoza wageni chini ya maji. Wengine hutia simu zao katika mifuko ya plastiki wakaenda nazo kuogelea. Na wewe mama uliye nyumbani, ambaye huzamii popote, una kasha la nguo, una saa ya ukutani, una chupa za dawa na kijaluba cha chumvi. Jambo ninalotaka kulieleza latawala vitu hivi vyote.

Mtoto wa dada yangu ni mwalimu wa shule katika kijiji kimoja cha pwani ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Ujiji. Huyu alijifunza kuzamia, na kwa akiba yake ya muda mrefu akanunua kamera ndogo pamoja na kasha lake. Hakununua kwa anasa. Katika ziwa hilo kuna samaki aitwaye kuhe, samaki mkubwa ambaye huweza kupita nusu mita kwa urefu, na ambaye ana tabia ya ajabu: dume na jike hukaa pamoja kulinda mayai yao, na watoto wakiisha kuanguliwa huwalinda vile vile, wakiwazunguka na kumfukuza kila adui anayekaribia. Katika kijiji hicho kulikuwa na mvutano baina ya wavuvi. Wengine walitaka ghuba moja ndogo iachwe bila ya nyavu wakati wa kuzaa, na wengine wakasema hayo ni maneno ya watu wa ofisini, kwani ghuba ile ni mchanga mtupu na hapana samaki anayezaa hapo. Hata mwaka 2024, serikali ilipolifunga ziwa kwa uvuvi kwa miezi 3, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, wapo waliotii kwa kuogopa tu, si kwa kusadiki.

Mwalimu akawaambia wazee, “Nitawaletea picha mjionee.” Wakamwekea baraza baada ya sala ya Isha. Akatundika shuka jeupe ukutani, akaonyesha filamu aliyoipiga. Dakika chache za mwanzo zilionekana, mawe na mchanga na maji ya buluu. Kisha picha ikafifia, ikawa nyeupe kama maziwa, na wakati alipofika penye kiota cha kuhe hapakuonekana kitu kabisa. Mzee mmoja akasema, “Mwalimu, umetuletea moshi.” Watu wakacheka, wakatawanyika. Wakamwambia watampa baraza moja tu jingine, na akija tena na moshi basi wao watatupa nyavu zao mahali pale pale.

Likizo ilipofika alipanda gari moshi akaja kwangu Mtendeni, na kasha lake kifuani kama mtu aliyembeba mtoto mgonjwa. Akanisalimu, akasema, “Mjomba, kasha langu linavuja.” Akanieleza kwamba amekwisha kubadili ule mpira wa duara unaoziba mlango, ambao mafundi huuita oringi, na huu ulikuwa wa tatu. Ameupaka grisi nyingi, ameufunga mlango kwa mikanda ya mpira juu ya vifungo vyake, na kila alipozidi kulikaza ukungu ulirudi vile vile. Mshahara wa miezi miwili ulikuwa umekwenda katika mipira.

Mimi si mpiga mbizi wala si fundi. Lakini katika soko letu la Tabora yupo fundi saa, mtu mzima aliyeinamia saa za watu tangu ujana wake, na kioo cha saa na kioo cha kamera ni ndugu. Nikamchukua mpwa wangu hadi kwake. Fundi hakulifungua hata kasha. Aliuliza maswali matatu.

“Ukungu huanza mara tu unapoingia majini, au baadaye?”

“Baadaye, mzee. Kama baada ya robo saa.”

“Ukitoka majini, chini ya kasha kuna maji yanayotiririka?”

“La. Kuna unyevu juu ya kioo tu, na ukikaa juani hutoweka wenyewe.”

“Na mlango unaufungia wapi?”

“Katika mtumbwi, mzee, karibu na mahali pa kuzama, ili niangalie kila kitu kwa mara ya mwisho.”

Fundi akalirudisha kasha mikononi mwake, akasema, “Kasha lako zima. Wewe unashuka na mawingu yako mwenyewe.”

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo kiini cha makala hii. Chukua gilasi kavu, itie maji ya baridi sana, uiweke mezani. Baada ya muda mfupi utaiona imetoka jasho kwa nje. Je, gilasi inavuja? Hata mtoto mdogo ajua kwamba haivuji. Maji yale yametoka katika hewa ya chumba. Hewa daima huchukua maji ndani yake, maji yasiyoonekana, na hewa yenye joto huweza kuchukua mengi kuliko hewa baridi. Ikigusa kitu baridi hushindwa kuubeba mzigo wake wote, ikaumwaga. Ndivyo umande unavyotua juu ya majani alfajiri, bila ya mvua kunyesha.

Tazama sasa hesabu yake. Hewa ya joto la nyuzi 30, ikishiba unyevu kadiri iwezavyo, huchukua gramu 30 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipozwa hadi nyuzi 25 huweza kuchukua gramu 23 tu. Basi kasha lenye lita 2 za hewa ya namna hiyo likishuka katika maji ya nyuzi 25, hewa hiyo hulazimika kumwaga miligramu 14 hivi za maji. Hiyo ni kama robo ya tone moja. Na robo ya tone ikitandazwa juu ya kioo yatosha kukipofusha chote. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huwa baina ya nyuzi 24 na 28 hivi, na jua la mchana juu ya mtumbwi hulipasha kasha joto kupita hapo kwa mbali.

Na si hewa peke yake. Kamera yenyewe, mkanda wake wa kitambaa, na plastiki ya kasha huwa vimekunywa unyevu kidogo kidogo. Kamera inapofanya kazi betri yake hupata moto, na moto huo huvifukuza vile vijimaji vilivyojificha vikaingia hewani. Kisha hewa hiyo hutafuta mahali palipo baridi kuliko pote. Katika kasha la plastiki, ambalo halipitishi joto upesi, mahali hapo aghalabu ndipo penye dirisha la kioo, mbele ya jicho la kamera hasa. Ndiyo sababu ukungu hauji mwanzo, bali huja baada ya robo saa. Kasha la aluminiamu hupoa upande wote, na sehemu kubwa ya unyevu hutua juu ya chuma usipodhuru picha.

Basi mpwa wangu, kwa kukaza mikanda, alikuwa anaulinda ukungu usitoke. Alikuwa akimfungia adui mlango kwa nje, ilhali adui amekwisha kuketi ndani.

Sisemi kwamba kasha halivuji kamwe. Huvuja, na hilo ni balaa la namna nyingine lenye dawa yake. Unywele mmoja, au chembe moja ya mchanga iliyolala juu ya oringi, yatosha kuyapitisha maji. Ajabu ni kwamba hatari hiyo ni kubwa penye maji mafupi, kwa sababu kila ukishuka mita 10 maji huongeza uzito wa kilo moja hivi juu ya kila sentimita moja ya mraba, na uzito huo huukandamiza mlango juu ya mpira ukazidi kuziba. Kwa ajili hiyo, kabla ya kutia kamera, lizamishe kasha tupu katika beseni la maji kwa dakika chache, utazame kama vipovu vinatoka au maji yanaingia. Oringi ifutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ikaguliwe kwa jicho na kwa ncha ya kidole, kisha ipakwe grisi ya silikoni kidogo tu, kiasi cha kuifanya ing'ae. Grisi nyingi haizibi zaidi, bali hunasa mchanga.

Huko mwambao mna kipimo chepesi cha kupambanua mambo haya mawili. Onja kwa ncha ya ulimi yale maji uliyoyakuta ndani. Yakiwa ya chumvi, bahari imeingia. Yakiwa hayana ladha, ni mvuke wako mwenyewe. Sisi wa bara hatuna kipimo hicho, kwani maji ya Tanganyika si ya chumvi, na imetubidi tutazame tu: ukungu hutanda juu ya kioo, bali maji ya kuvuja hukusanyika chini na kutiririka ukilipindua kasha. Na ukiyaona yanatiririka ukiwa chini, lielekeze dirisha la kioo chini ili maji yajikusanye hapo mbali na mwili wa kamera, upande polepole kama ulivyofundishwa, wala usikimbilie juu kwa ajili ya chombo. Kamera hununuliwa, pumzi hainunuliwi.

Sasa turudi kwenye ukungu, na namna ya kuuzuia. Haya ndiyo fundi aliyomfundisha kijana, na mengine kijana mwenyewe akayathibitisha kwa kujaribu.

Kwanza, mlango ufungwe nyumbani, si mtumbwini. Uchague chumba kikavu, mbali na maji, mbali na jiko linalochemka. Kwenye kiyoyozi ni bora zaidi, kwa sababu kiyoyozi huitoa hewa unyevu wake. Ila hapa pana mtego: ukiwa umeipoza kamera katika chumba baridi, usiifungue ukiisha kutoka nje, maana hewa ya nje itaifanya itoke jasho kama ile gilasi. Funga ukiwa mle mle ndani, kisha ndipo utoke.

Pili, mikono, nywele na nguo za mfungaji ziwe kavu. Wala vumbi lisipulizwe kwa mdomo. Pumzi ya binadamu ni hewa ya moto iliyoshiba maji, na kijana wetu alikuwa na desturi ya kupuliza kioo kwa nguvu kabla tu ya kufunga. Tumia kipulizio cha mpira, au kitambaa laini kikavu.

Tatu, watie ndani wanywaji wa unyevu. Mnavijua vile vipakti vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya na mikoba, vyenye chenga kama chumvi ya mawe na maandishi ya kuonya visiliwe. Hizo ni chenga za silika. Gramu moja tu huweza kunywa zaidi ya miligramu 100 za maji, nasi tumekwisha kuona kwamba miligramu 14 zatosha kuharibu picha. Kwa hiyo vipakti viwili vitatu vyatosha, madhali viko hai. Lakini kipakti kilichokaa wazi mezani kwa siku kadhaa kimekwisha kunywa unyevu wa chumba kikashiba, na ukikitia ndani ya kasha hakina nafasi tena. Viwekwe katika chupa inayofunga vizuri mpaka saa ya kutumiwa. Kasha lifungwe navyo saa moja au zaidi kabla ya kuzama, kwa sababu hunywa polepole. Na viwekwe mahali ambapo havitaangukia oringi wala kuziba jicho la kamera.

Chenga zilizoshiba hufufuka kwa moto. Zimwage kutoka katika karatasi yake, uzitie katika tanuri la joto la nyuzi 120 kwa muda wa saa 2. Asiye na tanuri azikaange katika chombo kikavu juu ya moto mdogo wa mkaa, akizikoroga, na chombo hicho kisirudi tena kwenye mapishi. Zile za rangi ya machungwa hugeuka rangi zikishiba na kurudi zikikauka, nazo husaidia kujua hali yake. Za rangi ya buluu zina chumvi ya kobalti ambayo ni sumu, basi zisiachwe mahali pa watoto. Wako wanaotia mchele mkavu, kama tunavyotia punje za mchele katika kijaluba cha chumvi isigande. Mchele hunywa, lakini hunywa kidogo, tena huacha unga unaochafua kioo. Na chumvi yenyewe isikaribishwe kamwe. Chumvi ya Uvinza iliyokuwa ikibebwa zamani katika njia hii ya misafara, baina ya Unyanyembe na Ujiji, ilibidi ilindwe na masika kwa sababu chumvi huuvuta unyevu mpaka ikalowana. Ndani ya kasha itavuta maji na kula chuma.

Nne, kasha likiisha kufungwa lisikae juani. Litiwe kivulini, lifunikwe taulo lililolowa, au liwekwe katika ndoo ya maji yale yale litakamoingia, lipate kuzoea. Na kamera isiwashwe mpaka ufike kwenye jambo unalotaka kulipiga, kwa kuwa kila dakika ya kuwaka ni joto linaloongezeka.

Mtaona kwamba katika mambo hayo manne, hakuna hata moja linalofanywa chini ya maji. Mpiga mbizi aliyekwisha kushuka na ukungu wake hana la kufanya ila kupanda nao. Hekima hii si ngeni. Mfaransa Louis Boutan, ambaye mwaka 1893 alikuwa akipiga picha chini ya bahari huko Banyuls-sur-Mer, ilimpasa kwanza kutengenezewa kasha la kamera na mpira uliojaa hewa wa kulisaidia kuhimili uzito wa maji, ndipo aweze kushuka.

Na sisi tunao mfano wetu katika ziwa lile lile. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliunda meli huko Papenburg, wakaivunja vipande vipande, wakaitia masandukuni, ikaja mpaka Dar es Salaam na kupanda reli kupita hapa Tabora hadi Kigoma. Mwaka 1915 ikaelea ziwani. Mwaka 1916, walipoona kwamba watashindwa, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe isije ikatwaliwa. Lakini wale mafundi hawakuizamisha hivi hivi. Kwanza waliipaka mitambo yake grisi nene, kila mahali. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 walikuta mitambo ingali nzima, na mwaka 1927 meli ikaanza tena safari kwa jina la Liemba, jina ambalo vizazi vya wasafiri wa ziwa hilo vimelijua. Miaka mingi chini ya maji, na kilichoiokoa ni kazi iliyofanywa kabla ya maji kuifikia.

Mpwa wangu alirudi Kigoma na vipakti vyake katika chupa ya dawa. Akawa anafunga kasha usiku, chumbani kwake, na alfajiri akienda nalo ziwani ndani ya ndoo. Baraza la pili likawekwa. Safari hii shuka lilionyesha mchanga wa ghuba ile ile, na juu ya mchanga kuhe wawili, dume na jike, na chini yao wingu la watoto wadogo mno wasiozidi ukucha. Kila samaki mwingine aliposogea, mmoja wa wale wazazi alimkimbilia, kisha akarudi mahali pake. Nimeambiwa kwamba hapakucheka mtu. Mzee yule aliyesema habari ya moshi aliomba filamu irudishwe mwanzo, akaitazama mara ya pili, akasema, “Miaka yote nimekokota nyavu juu ya nyumba ya watu.” Walikubaliana kuiacha ghuba kwa msimu mmoja, kisha watazame. Ni msimu mmoja tu, nami sitaki kuukuza kuliko ulivyo. Lakini palipokuwa na ubishi sasa pana kusubiri, nako kusubiri ni mwanzo wa kheri.

Limebaki jambo la kuhifadhi, ambalo lawahusu wenye nyumba wote. Kasha likitoka baharini lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, lilowekwe humo kwa muda, likaushwe kivulini. Kisha lisifungwe. Wengi hulifunga kwa nguvu na kulitia kabatini, wakidhani wanalilinda. Vile vijimaji vilivyobaki hukaa humo kwa miezi, na ukungu wa pili, ule unaoota, huota juu ya kioo cha kamera kama buibui aliyetandaza utando, nao huweza kukila kioo chenyewe. Oringi itolewe isikae imebanwa, mlango uachwe wazi kidogo, na kamera itunzwe katika chombo chenye chenga hai.

Vitabu navyo ni vivyo hivyo. Ninalo kasha la mbao la vitabu vya marehemu baba, na vitabu hivyo vingali vinasomeka. Siri yake si kufuli. Sisi wa Tabora tuna miezi mikavu, tangu Mei mpaka Oktoba. Katika miezi hiyo, alasiri ya siku isiyo na wingu, hulifungua kasha, vitabu vikatandazwa kivulini, kurasa zikafunuliwa, na kasha lenyewe likapigwa na hewa. Hurudishwa na kufungwa alasiri hiyo hiyo, kabla ya umande wa usiku. Nyinyi wa mwambao ambao hewa yenu ni nzito mwaka mzima yawapasa kufanya zaidi: kasha lisigusane na ukuta wala sakafu, lifunguliwe mara kwa mara, wala nguo isikunjwe ikiwa na jasho, wala kitabu kisifungwe siku ya mvua.

Ndugu yangu, sisi wazazi wa leo tunakaza sana milango. Twaogopa yanayotoka nje: maneno ya nje, picha za nje, marafiki wa nje. Twaongeza kufuli na kugombeza watoto, na hofu hiyo ina haki yake, kwa sababu kuvuja kupo. Lakini mara ngapi ukungu unaotupofusha ndani ya nyumba ni ule tuliouingiza wenyewe siku ya kufunga mlango? Mtu huoa akiwa na kinyongo na wakwe ambacho hakukisema, akadhani ndoa itakimaliza. Ndugu hugawana nyumba ya urithi wakiwa na neno moja lililobaki kooni, wakafunga hesabu upesi ili mambo yaishe. Siku za mwanzo kila kitu huonekana safi. Kisha maisha hushuka penye baridi, ugonjwa ukaja au mali ikapungua, na kioo kikafifia. Ndipo tunapowatafuta majirani tuwalaumu kwa kuvujisha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Basi kabla ya kufunga, kausha. Sema neno lililobaki, lipa deni lililobaki, omba radhi iliyobaki, mchana kweupe, milango ikiwa wazi na hewa ikipita. Ukiisha fanya hayo, funga kwa amani, na ushuke kina utakacho.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.